Barafu Chini ya Ulimi

"Fungua mdomo."

"Umeshapima, Fundi. Thelathini na sita nukta nne. Andika, uende zako kazini."

"Nimesema fungua mdomo, Mwalimu!"

Mke wangu akanigeuzia mgongo, akajifunika shuka mpaka masikioni. Saa saba mchana, bati linalia kwa jua, yeye anatetemeka. Nikamgusa shingo. Lo! Moto mtupu.

Mimi ni fundi friji, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kipimo kikisema baridi huku nyama inaoza, silaumu nyama. Nikaenda jikoni, nikafungua friza. Trei mbili za barafu nilizojaza asubuhi, zote tupu.

Nikarudi na trei mkononi.

"Barafu iko wapi?"

"Vidonda vya mdomo vinaniuma. Nesi mwenyewe aliniruhusu ninyonye."

"Baada ya kupima! Siyo unalaza barafu chini ya ulimi, ukisikia miguu yangu unaimeza, halafu unanipa mdomo. Mwalimu mzima unaibia mtihani?"

"Toka chumbani kwangu."

Sikutoka. Nesi alituapisha siku ya kwanza ya kemo: dawa hii inapiga saratani, lakini inaangusha na kinga ya mwili. Joto likifika thelathini na nane, msingoje kesho, wala msimpe kidonge cha homa mkadhani mmemaliza. Mnakuja saa hiyohiyo.

Nikamchomeka themomita kwapani kwa nguvu. Ikalia. Thelathini na nane nukta sita.

"Unataka kufa?"

"Nataka upumzike, usiniuguze tena!"

"Nani kakwambia nataka kupumzika?"

Akanirushia simu, ikanipiga kifuani. Ujumbe wa wiki iliyopita, kutoka kwa dada yangu wa tumbo moja:

"Wifi, ukweli unauma lakini umeze. Kila ukilazwa kaka anafunga kibanda, wateja wanakimbia. Ameniambia mwenyewe amekuchoka. Ukilazwa tena anaondoka. Vihoma vidogo vumilia huko huko nyumbani."

Nikampigia dada, nikaweka sauti ya nje.

"Dada, ni lini nilikwambia nimemchoka mke wangu?"

"Kaka jamani, nilikuonea huruma. Ulivyokonda..."

"Nimeuliza swali moja."

"Si ulisema umechoka?"

"Nimelala sakafuni hospitali siku saba, nani asingechoka? Mke nimemchoka lini?"

"Usinifokee! Mimi ndiye damu yako. Yeye ni mke tu, wake wapo."

"Basi sikia, damu yangu. Mwenye homa ni yeye, lakini sumu umemwaga wewe. Kwangu usikanyage mpaka yeye mwenyewe akuite."

Nikakata. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilikuwa naifua mwenyewe.

"Na wewe!" nikamgeukia. "Miaka tisa ya ndoa, unamwamini wifi yako kuliko mimi?"

"Ulinipa nini cha kukuamini?" Akaketi, kichwa chake kisicho na nywele kinang'aa kwa jasho. "Unaingia, 'fungua mdomo', unaandika, unaondoka. Mara ya mwisho kuniuliza naumwa wapi ni lini, Fundi? Nikaona wifi kasema kweli. Mimi nimekuwa friji bovu la mteja!"

Niliogopa nikiuliza atanijibu, ndiyo maana nilikuwa naandika namba. Aibu ikanishika.

"Vaa viatu," nikasema. "Na barakoa."

"Siendi."

"Utakwenda mgongoni."

Nikainama. Alinipiga ngumi mbili za mgongo, hazina hata nguvu ya kuua mbu, kisha akapanda.

Hospitalini, nesi alitufokea wote wawili mbele ya watu. "Mgonjwa mwizi, muuguzaji kipofu! Mngengoja kesho, tungekuwa tunaongea mengine." Lakini mikono yake haikusimama, na dakika chache baadaye dawa ya kuua vijidudu ilikuwa inashuka kwenye mshipa.

Siku tatu sikufungua kibanda. Wateja walipiga simu, nikawaambia mke wangu anaumwa, wenye haraka watafute fundi mwingine.

Siku ya nne nilinawa mikono, nikavuta kiti karibu na kitanda.

"Unaumwa wapi?"

"Mdomo. Na moyo. Bado nimekukasirikia."

"Kasirika. Kasirika sana, ili mradi uko hai."

Akafungua mdomo mwenyewe, akainua ulimi juu. "Kagua."

Hapakuwa na barafu. Nikaweka themomita, tukangoja huku tumekaziana macho. Thelathini na sita nukta nane.

"Haya, andika," akasema. "Uende zako kazini."

"Nesi ataandika," nikamjibu, nikavua viatu. "Mimi nimekuja kukaa."