Mgeni Wangu Hanywi Mvinyo

Jumamosi, tarehe tisa Novemba. Tangu alfajiri kulikuwa na ukungu na rasharasha, hata nguo zangu za ibada hazikukauka kambani. Nilipiga magoti, nikaomba, nikaenda kwenye mtihani wa wahudumu wa mvinyo.

Saa nne, glasi ya mvinyo ikiwa mkononi mwangu, mlango wa darasa ukafunguliwa. Aliingia mchumba wangu, fundi wa makochi, ameloa chepechepe. Nyuma yake, dada yake.

"Si nilikwambia?" wifi alifoka. "Kila Alhamisi jioni 'niko darasani'. Darasa lenyewe ndilo hili. Chupa!"

Fundi hakufoka. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alininyooshea simu, nikauona ujumbe wangu wa jana: "Mpenzi, kesho nina mtihani wa mapishi. Niombee."

"Nilikuombea," alisema. "Nikapiga magoti, nikauombea uongo."

Harusi yetu ilikuwa imebakiza wiki mbili. Na miaka minne ilikuwa imepita tangu Fundi aache pombe.

"Wiki ya tatu sasa mtandio wako unanuka pombe. Sema mbele ya dada yangu. Unakunywa?"

"Sinywi. Wiki hizi tatu tumeanza kuonja. Naonja, natema." Nikaonyesha ndoo iliyokuwa chini ya meza.

"Anatema!" Wifi alicheka. "Na paka naye huonja samaki akatema!"

Mwalimu aligonga meza kwa kalamu.

"Huu ni mtihani. Mmeshaingia, kaeni. Shangazi," ndivyo wanavyoniita darasani, kwa kuwa nimewazidi wote umri, "swali la mwisho. Mgeni hajui lolote kuhusu mvinyo wa Kitaliano. Mchagulie. Bwana, wewe ndiye mgeni."

Fundi akakaa. Akazitazama chupa.

Nilianza.

"Mgeni, usianze na bei. Anza na sahani. Nyama yenye mchuzi wa nyanya, chukua Chianti. Mwekundu, una uchachu unaoelewana na nyanya. Samaki, chukua Soave, mweupe, mwepesi. Ukipenda utamu, Moscato d'Asti. Barolo iache kwanza. Hukausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea."

"Vizuri," mwalimu alisema. "Mmiminie aonje."

Mkono ukagoma. Miaka ishirini nimefua mashuka ya hoteli, na mwaka mzima nimesoma jioni ili nipate kazi mgahawani. Kazi hiyo ilikuwa ndani ya glasi ile. Na mume wangu mtarajiwa alikuwa humo humo.

Ee Bwana Mungu, nishike, nilisema moyoni. Nikaiweka chupa chini.

"Mwalimu, nimekosea tangu mwanzo. Kabla ya sahani huulizwa mgeni mwenyewe. Mgeni, unakunywa?"

Wenzangu wakaacha kuandika.

"Sinywi," Fundi alisema kwa sauti. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo mbele ya watu asiowajua. "Nilikuwa mlevi. Miaka minne sasa."

"Basi kinywaji chako hakimo kwenye chupa hizi."

Nikamletea maji yenye kipande cha limau, katika glasi ndefu ileile ya wageni wanaokunywa mvinyo. Akanywa yote.

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa harufu ingekuamshia kiu."

"Kiu yangu naijua, mimi ndiye ninayelala nayo. Uongo wako ndio sikuujua. Huo ndio ungenirudisha kwenye chupa."

Wifi aliivuta ndoo kwa mguu, akachungulia.

"Kumbe kweli ametema," alinong'ona.

"Alama za kumimina nimekukata," mwalimu alisema. "Zilizobaki zinatosha."

Darasa likapiga makofi, lakini Fundi aliinua mkono.

"Bado. Makofi hayanitoshi. Aseme mwenyewe, nanyi msikie."

Nilisimama wima, nikiwatazama wifi, mwalimu na darasa zima, kisha yeye.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: kila nitakachoonja, Fundi ataambiwa na mimi kabla hajaambiwa na mtandio."