Walisema Mrundi Hahitaji Breki

Nina miaka arobaini na tisa na mguu mmoja. Naishi Albert Park hapa Durban, juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Kushuka kununua mkate ni safari. Kupanda tena... acha tu.

Naitwa Melkiori. Shule niliachia darasa la nne, mtanivumilia. Ila majina ya walionifanyia hivi nitayaandika yote wazi. Wao walinionea haya? Hata kidogo!

Mimi ni Mrundi wa milimani. Ujana wangu wote nilibeba ndizi kwa baiskeli, kutoka Bugarama mpaka Bujumbura. Aliyepita kule anajua. Barabara inashuka kama imemwagwa. Unafunga mikungu nyuma mpaka baiskeli inalia, halafu unajiachia! Breki za nini? Mzigo ule unazimaliza kabla hujafika nusu. Tulivaa kandambili za tairi, unakandamiza unyayo kwenye gurudumu la nyuma, moshi unatoka, baiskeli inatii. Wenzangu wengine walikufa. Mimi nikapona.

Vita ndivyo vilivyonileta Durban. Nililinda magari ya watu, nikasukuma mizigo pale soko la Warwick, mpaka siku moja Mzungu mmoja anaitwa Pieter akaniona napanda mlima na magunia ya viazi juu ya baiskeli, bila kushuka. Akacheka, akanichukua kazi. Alikuwa anatembeza wageni kwa baiskeli za milimani, kule kwenye vilima nyuma ya mji. Tunapita katikati ya miwa, tunateremka bondeni, tunafuata mto Umgeni. Nikawa kiongozi wa njia. Mimi! Nikiinua mkono, msururu mzima wa Wazungu unasimama.

Kiingereza changu kilikuwa cha kazi hiyo tu: stop, go, careful, drink water. Kilitosha.

Hapo ndipo alipokuja Fiston.

Fiston ni Mkongomani wa Uvira. Alishuka kwenye basi hana hata mfuko. Mke wangu Konsolata akamtandikia godoro nyuma ya pazia, akala kwetu, akaumwa kwetu, akauguzwa kwetu. Akaniita yaya, kaka mkubwa, na mimi nikamwona mdogo wangu kweli. Nikamwombea kazi kwa Pieter. Kupanda na kushuka milima nilimfundisha mimi, ingawa kushuka hakukuingia. Aliogopa. Basi Pieter akampa kazi ya kutengeneza baiskeli. Kila jioni anazikagua, anazipanga, asubuhi kila kiongozi anachukua yake na tunaondoka. Ndivyo tulivyofanya kazi. Ukianza kukagua kazi ya mwenzako mbele ya wageni ni kama unamtukana.

Wakati wa kula nilikuwa nawasimulia wafanyakazi wenzangu habari za Bugarama. Wanacheka mpaka chai inawatoka puani! Fiston ndiye aliyekuwa anachochea.

"Yaya Melki, wewe breki ya nini? Yako iko ndani ya kiatu!"

Na mimi nacheka. Nasimama, nawaonyesha mguu unavyowekwa. Nani angejua kwamba nilikuwa natoa ushahidi?

Kulikuwa na mzee mmoja Mwingereza, Grahamu, aliyekuja kila mwaka kupanda baiskeli na sisi. Kwao naye alikuwa anatembeza watu kwa baiskeli. Siku moja tumeketi mtoni, akanionyesha njia zake kwenye simu. Jamani! Vilima vya mviringo, vya chini chini, kijani mpaka macho yanauma. Kuta za mawe zisizo na saruji. Mageti ya mbao, unashuka, unafungua, unapita, unafunga nyuma yako kondoo wasitoroke. Halafu njia inateremka polepole hadi kwenye mto mtulivu, na kwenye mto kuna mashua ndefu nyembamba, watu wanaishi humo na maua yao juu ya paa.

Nilikuwa naangalia kwetu! Toa kondoo, weka migomba, ni milima yetu ya Muramvya ile ile. Nimekaa Afrika Kusini miaka yote hii sijawahi kuona kilima kikanikumbusha nyumbani, nikakiona kwenye simu ya Mwingereza. Machozi yalinitoka. Mzee Grahamu akanishika bega.

Akamwambia Pieter kwamba anataka kiongozi mmoja kutoka kwetu akafanye kazi kwake majira ya joto, na akifanya vizuri arudi kila mwaka, makaratasi yote atayashughulikia yeye. Alinitaka mimi. Aliomba tu anifuate nyuma kwa baiskeli mara moja zaidi akija tena, aone navyowaongoza watu kwenye mteremko, ndipo amalize makaratasi.

Tangu siku ile sikuwa mtu wa Durban tena. Kila jioni naangalia video za njia zile alizonitumia. Nilijua geti lipi linafunguka kwa kusukuma na lipi kwa kuvuta. Nilijua pale majani yanapolowana chini ya miti, gurudumu litateleza. Konsolata akaanza kuniita Mwingereza wangu. Fiston alikaa pembeni yangu, anaangalia pamoja na mimi... anaangalia pamoja na mimi!

Mzee Grahamu akaja. Jumamosi asubuhi, jua zuri, wageni wamejipanga. Nikachukua baiskeli yangu ilipowekwa. Nikabana breki, zikashika. Tukaondoka.

Kwenye tambarare hakukuwa na neno. Tulipoanza kuteremka kwenda mtoni nikasikia breki zinalia, chuma kwa chuma. Nikabana zaidi. Harufu ya kuungua ikanipanda puani, halafu mpini wa breki ukalegea mkononi mwangu. Hakuna kitu! Mbele yangu iko kona, chini ya kona iko mawe na mto, na kwenye njia wamama wawili wanapanda na kuni kichwani.

Ningefanya nini? Akili haikuniuliza. Mguu wangu ulikumbuka Bugarama.

Lakini tairi la Bugarama ni laini, limekwisha. Tairi la baiskeli ya milimani lina meno makubwa. Lilikamata kiatu, likauvuta mguu ndani, kati ya gurudumu na chuma. Nilisikia mfupa wangu kwa masikio yangu. Wale wamama walipona. Mimi nikaruka juu ya mawe.

Hospitali walihangaika na mguu ule, ukaoza, wakaukata juu ya goti. Nilipoamka nikatafuta vidole vyangu kwa mkono...

Pieter akafanya uchunguzi wake. Baiskeli ilipoangaliwa, pedi za breki zilikuwa mpya kabisa! Fiston akamwambia, "Bosi, si alikuwa anatuambia mwenyewe? Kwao hawatumii breki. Alitaka kumwonyesha Mzee Grahamu ujuzi wao." Wafanyakazi wakaulizwa kama ni kweli nasema hivyo. Wote wakasema ndiyo. Wangesemaje? Si nilikuwa nasema?

Mzee Grahamu alikuja kitandani, macho mekundu. Nilitaka kumweleza kwamba nilibana breki, zikashika, zikaniacha. Nikatafuta maneno. Stop. Go. Careful. Nilisema "brake, brake" huku nalia, naye akanipapasa mkono kama mtoto. Baadaye nikaambiwa alisikitika sana, alisema mila za watu ni nzuri lakini hawezi kuwakabidhi wageni wake kwa mtu asiyetumia breki.

Aliyenipa ukweli ni Sibusiso, Mzulu, kiongozi mwenzangu. Alikuja na machungwa, akafunga pazia. "Eish, baba," akasema, "niliona." Jioni ya kuamkia ajali aliona Fiston anatoa pedi zangu, anaweka zilizokwisha. Na baada ya ajali aliona anarudisha zile mpya, kabla Pieter hajafika. Nikamwomba akaseme. Akaangalia chini. Ana watoto, akasema, na Pieter hapendi maneno. Machungwa yale niliyatupa.

Na nafasi ya Uingereza? Fiston alikwenda! Mzee Grahamu sasa alitaka mtu anayeheshimu breki, na Pieter akamtaja fundi wake.

Mchungaji wetu, Balthazari, akamsimamisha mbele ya kanisa, akamwombea safari, akasema Mungu akifungua mlango hakuna wa kuufunga. Nilikuwepo, na magongo yangu. Nilikuwa nimeshamweleza mchungaji kila kitu. Aliniambia nisamehe, nisije nikamharibia kijana baraka yake. Baraka yake!

Konsolata sasa anasuka nywele mjini tangu asubuhi mpaka miguu inamvimba. Haniiti Mwingereza tena. Haniiti kitu. Anaweka chakula, analala.

Miezi imepita, simu ikalia. Ni Fiston, kwa video. Amesimama kwenye geti la mbao, ninalolijua. Nyuma yake wageni wamevaa kofia ngumu, wanangoja. Mvua imenyesha, majani yamelowa. Uso umemkauka.

"Yaya, nisaidie. Hapa iko matope mpaka chini mtoni. Nawashusha namna gani?"

Nyie mngemjibu nini? Nilitaka kumwacha ashuke hivyohivyo. Mungu ananiona, nilitaka! Lakini nikawaona wale watu nyuma yake. Kulikuwa na mama mmoja wa umri wangu anafuta miwani yake.

Nikamwambia, "Kwanza shuka, Fiston. Kagua pedi zao zote. Na zako."

Tukaangaliana. Halafu akakata, na tangu siku ile namba yake haipatikani. Hivyo ndivyo alivyokiri, na hakuna mwingine aliyesikia.

Ndugu zangu mlioko ugenini, nawaomba kwa mguu nilioupoteza. Mambo ya kwenu msiyageuze kichekesho mezani kwa watu wanaotamani nafasi yenu. Siku ukitafuta shahidi, kicheko kile ndicho kitakachosimama kusema. Na chombo kinachobeba uhai wako kikague mwenyewe, hata aliyekitengeneza akikuita kaka. Akikasirika, akasirike.

Mimi nimechelewa. Kanisani bado wanamwombea Fiston.