Upinde wa Mashoto

Kila asubuhi ya kiangazi, kabla umande haujakauka, Nomuun alijitwika kikapu mgongoni akaenda malishoni kuokota mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia jiko. Aliyachota kwa uma wa mti na kuyarusha juu ya bega, na kila kipande kilitua kikapuni bila yeye kugeuza shingo. Huko malishoni, mbali na macho ya watu, uma aliushika kwa mkono wa kushoto. Alipokaribia hema lao aliuhamishia mkono wa kulia.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alipoanza shule, wenzake wa bwenini walimwita Mashoto, na nyumbani bibi yake alimwonya kwamba mgeni hapewi bakuli la chai kwa mkono ule. Basi akajifundisha kuandika, kula na kupokea kwa mkono wa kulia, hata watu wakasahau. Yeye mwenyewe hakusahau.

Mwaka huo Mwalimu Damba alichagua wasichana watatu watakaopiga mishale kwa niaba ya wilaya, katika mashindano ya watoto ya sikukuu ya Naadam. Nomuun alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kuwa na upinde wake, lakini mwalimu alipenda mabega yake na utulivu wake. Baba yake, Jigmed, alifurahi mno. Siku iliyofuata alimpakia kwenye pikipiki, wakaenda hadi ng'ambo ya mto kwa Khandaa, mtengeneza pinde.

Khandaa aliirithi kazi hiyo kwa baba yake. Mzee alipofariki, wanaume wengi walisema pinde za mwanamke zitavunjika baridi ya kwanza. Ilimchukua miaka kumi kuwanyamazisha, tena si kwa maneno.

Aliwakaribisha, akawapa chai ya maziwa yenye chumvi, kisha akamgeukia Nomuun.

"Nina maswali mawili tu, binti. Unavutia mkono gani?"

Nomuun alimtazama baba yake. "Wa kulia, shangazi."

"Na ugwe, kamba ya upinde, unauvuta kwa gumba au kwa vidole vitatu?"

"Kwa gumba, kama baba."

Khandaa alitungua upinde mmoja ukutani. Ulikuwa wa pembe na mti, umefunikwa kwa gome laini. "Basi wako ni huu. Ona hapa juu ya mshikio, upande wa kulia, nimebandika kipande cha mfupa. Mshale unapita hapo. Ukivuta kwa gumba la kulia, ugwe unajiviringisha kidogo na kuukandamiza mshale upande huu. Haudondoki."

Jigmed aliupokea upinde kwa mikono miwili, akaugusisha kwenye paji la uso kwa heshima.

Mazoezi yakaanza. Shabaha zilikuwa vikopo vya ngozi iliyosukwa, vimepangwa chini kama ukuta mfupi. Mshale wa kwanza wa Nomuun ulipita kushoto, na wa pili pia. Kufikia siku ya nne, mishale yake yote ilikuwa ikianguka pale pale kushoto, kwenye nyasi ambako mbuzi walikuwa wakila.

"Nomu, unatutafutia kitoweo?" akasema Solongo, msichana mwenzake kikosini. "Basi lenga yule mnene."

Wengine wakacheka. Nomuun alijua kasoro iko wapi. Kila alipolenga, jicho lake la kushoto ndilo lililotangulia, na kichwa kikalala upande mpaka shingo ikamuuma. Mkono wa kulia ulivuta ugwe kama mkono wa kuazima. Lakini Mwalimu Damba alipokuja na kuuliza, "Tatizo nini?" jibu lilimtoka kabla hajalipima.

"Ni upinde, mwalimu. Umepinda. Unasukuma mishale kushoto."

Mwalimu aliugeuzageuza. Hakuona kitu, ila aliona mishale iko wapi. "Pembe ikikaushwa haraka hufanya hivyo," akasema taratibu. "Sikutarajia Khandaa akosee."

Maneno hayo yalivuka mto kabla ya Nomuun. Wiki haikwisha, babake Solongo akafuta upinde aliokuwa ameagiza. Watu wawili wengine walirudisha zao, ingawa hawakuwa wameona kasoro yoyote. Dukani mtu mmoja alisema, "Si tulisema?" na wote waliokuwepo walimwelewa.

Jumamosi Jigmed akaufunga upinde kwenye pikipiki. "Twende tuurudishe," akamwambia binti yake. "Tutasema kwa adabu."

Nomuun alipanda nyuma, wakavuka mto.

Khandaa aliwasikiliza hadi mwisho. Aliufunga upinde ugwe, akatoka nje, akapiga mishale mitatu. Yote mitatu iligonga kigogo alichokilenga. Jigmed akakohoa.

"Labda ni hali ya hewa, dada. Kule kwetu kuna upepo."

"Upepo hausukumi upande mmoja siku kumi," Khandaa akajibu. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mtoto hana sababu ya kuusingizia upinde. Kwa hiyo kuna kitu ndani, kwenye gundi au kwenye mti, ambacho mimi sikioni. Na kama kimo humu, kimo katika pinde zote nilizotengeneza mwaka jana."

Akaingia ndani, akarudi na msumeno mdogo. Akauvua upinde ugwe, akaulaza juu ya gogo na kuukandamiza kwa goti.

"Unafanya nini?" Jigmed akauliza.

"Naupasua niuone. Baba yangu ndivyo alivyofanya alipokuwa na shaka. Ni kazi ya mwaka mzima, lakini siwezi kuwauzia watu kitu nisichokiamini."

Aliweka meno ya msumeno juu ya gome. Nomuun alisikia mkwaruzo wa kwanza.

"Usiukate, shangazi."

Msumeno ukasimama.

"Upinde hauna kosa. Mimi ndiye niliyedanganya." Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini maneno hayakukatika. "Mimi ni mashoto. Nilikwambia navutia kulia kwa sababu baba alikuwepo, na sikutaka waanze tena kuniita lile jina. Halafu mishale ilipopotea nikasema ni upinde."

Jigmed alivua kofia, akaivaa tena. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulifurahi sana, baba. Ulisema nitavuta kama wewe."

Khandaa aliondoa goti, akapitisha kidole kwenye mchubuko mdogo wa gome. Kisha akasema, "Nyosha mikono mbele. Viganja vibanane, uache tundu dogo katikati. Kitazame kile kigogo kupitia tundu, macho yote wazi. Sasa fumba jicho la kulia. Kigogo kipo?"

"Kipo."

"Fumba la kushoto."

"Kimepotea."

"Basi jicho lako ni la kushoto, na mkono pia. Ukilenga kwa jicho la kushoto huku umevutia kulia, mshale lazima uende kwa mbuzi. Hata mimi ningewapiga."

Aliingia ndani akakaa kitambo, kisha akatoka na upinde mwingine wenye vumbi. Mfupa wake ulibandikwa upande wa kushoto.

"Huu aliuagiza bwana mmoja wa mjini anayevutia kulia, lakini kwa vidole vitatu. Vidole vitatu huukandamiza mshale upande ule mwingine, ndiyo maana mfupa uko kushoto. Bwana mwenyewe alihamia nchi nyingine. Miaka mitatu umening'inia hapa, wavuta gumba wote wanaukataa." Akampa Nomuun. "Ushike kwa kulia. Vuta kwa gumba la kushoto. Mshale unalala wapi?"

Nomuun aliuweka mshale. Ulilala juu ya mfupa kabisa.

"Kushoto," akasema, akashangaa mwenyewe.

"Mshikio nitaukwangua ukae vizuri kwenye kiganja chako. Piga."

Mshale wa kwanza ulipita juu. Wa pili uligonga kigogo. Jigmed alicheka kwa sauti, kisha akajizuia, maana jambo halikuwa limekwisha.

"Shangazi," Nomuun akasema, "nifanye nini kuhusu wale watu?"

"Uliyasemea wapi yale maneno?"

"Uwanjani."

"Basi hujui njia ya uwanjani?"

Jumatatu, watoto na wazazi walipokusanyika, Nomuun alisimama mbele yao na pinde zote mbili, ule wa kwanza wa kuazima kwa Khandaa. Alisema kwamba upinde wa kwanza ni mzima, kwamba yeye ni mashoto na alidanganya mara mbili, na kwamba Khandaa alikuwa tayari kuupasua kwa ajili ya uongo huo. Mwalimu Damba akauchukua ule upinde wa kwanza, akapiga, akagonga shabaha. Akainamisha kichwa.

"Na mimi nilisema kabla ya kuujaribu," akakiri. "Leo jioni nitavuka mto nikamwombe radhi."

"Kwa hiyo ni Mashoto kweli," Solongo akanong'ona.

"Ndiyo," Nomuun akajibu. "Na mbuzi sasa wapo salama."

Solongo akacheka, safari hii pamoja naye. Babake alisimama pembeni akiutazama ule upinde wa kwanza, na kabla ya mchana alikuwa amevuka mto kumwomba Khandaa ampatie binti yake upinde huo.

Katika Naadam kikosi chao kilishika nafasi ya tatu. Nomuun alikosa mishale mingi, lakini kila alipogonga, waamuzi waliinua mikono na kuimba, kama ilivyo desturi, naye aliwasikia wakiimba kwa ajili ya mkono wake wenyewe. Baadaye alikaa kwenye nyasi na baba yake na Khandaa, wakila mikate ya nyama iliyokaangwa.

"Shangazi, ningenyamaza ungeupasua kweli?"

"Ningeupasua. Kisha ningekesha natafuta kosa ambalo halimo, na labda ningeiacha kazi." Khandaa alifuta mafuta vidoleni. "Mimi naweza kumtengenezea upinde mtu yeyote, mashoto, mvuta gumba, mvuta vidole, mrefu, mfupi. Siwezi kumtengenezea mtu ambaye simjui. Ukinificha ulivyo, unapata kitu cha mtu mwingine, halafu unamlaumu aliyekupa. Sema kweli mapema, Nomuun. Huchekwi sana kama unavyodhani, na hakuna mtu mwingine anayelipia."

Nomuun aliitikia kwa kichwa. Baba yake akamnyooshea mkate mwingine, naye akaupokea kwa mkono wa kushoto.