Suruali ya Pindo

Mimi ni fundi cherehani, na nina ugonjwa mmoja: kila kitu napima. Napima meza, napima milango. Mume wangu nilimpima mabega kwa macho kabla hajamaliza kunisalimia. Tepu yangu hukaa shingoni tangu asubuhi mpaka ninapokwenda kulala.

Nyumbani tuko watatu. Kuna mimi, mume wangu ambaye ni fundi baiskeli, na mama yangu mzazi. Mume wangu mtaa mzima unamwita Kwa Nini, maana hawezi kusema sentensi mbili bila kuuliza. Mama masikio yake yamechoka. Ukibisha hodi hasikii. Birika likichemka hasikii.

Masikio yake ni Pindo. Pindo ni mbwa jike mdogo, rangi ya chai ya maziwa, hafiki hata kilo tano. Hakuna aliyemfundisha. Mtu akibisha hodi, yeye humkimbilia mama na kuuma pindo la gauni lake, anavuta. Ndiyo maana tukamwita hivyo. Siku moja sufuria iliungua jikoni, nami nilikuwa nimekwenda kununua uzi. Pindo alimvuta mama mpaka akamtoa uani. Niliporudi nilikuta moshi umejaa nyumba nzima, na mama amesimama nje, mzima, anamlaumu mbwa kwa kumchania gauni.

Jirani yetu ni seremala. Ana mbwa wa kulinda mbao, jina lake Gogo. Gogo akisimama, mgongo wake unafika kwenye ukingo wa meza yangu ya kukatia. Pindo anapita chini ya tumbo lake bila kuinama.

Basi, zikafika siku za Pindo kutaka dume. Madume ya mtaa yakaanza kupiga doria getini.

"Tumfungie ndani," alisema mume wangu.

"Afungiwe, na mimi ni fundi?" nikamjibu.

Nikamshonea suruali. Ilikuwa ya jinzi, vifungo vinne, na tundu la mkia. Jamani, ilimkaa! Wateja wote walicheka na kuisifia. Nikamwachia uani nikarudi kwenye cherehani, najipiga kifua.

Saa nne asubuhi nilisikia kishindo. Nikatoka mbio. Ubao mmoja wa uzio ulikuwa chini. Suruali ilikuwa imening'inia kwenye msumari, vifungo viwili havipo. Na pale katikati ya uwanja, Pindo na Gogo walikuwa wamenasana.

Mume wangu akafika nyuma yangu. "Kwa nini suruali iko..."

"Usiniulize!" nikamkatia.

Kwa hasira nikaizungushia mduara ile tarehe kwenye kalenda. Mama alicheka tu. "Mwacheni," alisema. "Mbwa hawana mkunga. Anaingia uvunguni peke yake, unashtukia watoto hao."

Tukamwacha. Wiki ya tano tumbo lilianza kuonekana, nami ugonjwa wangu ukapanda. Kila Jumamosi nilimzungushia tepu, kisha nikachora mstari kwa chaki ukutani, karibu na kioo cha wateja. Mstari ulikuwa mrefu zaidi kila wiki. Nikafurahi. Tena nilikuwa nampa chakula mara mbili ya kawaida tangu mwanzo, ili watoto watoke wakubwa, wenye nguvu.

Siku moja Bibi Mifugo alikuja kuchukua koti lake jeupe. Huyu ni daktari wa wanyama. Kliniki yake iko mtaa wa pili, nyuma ya duka la vyakula vya kuku. Alivaa koti mbele ya kioo, akageuka, akaona ile mistari ya chaki.

"Fundi, huyu mteja gani? Kiuno kinaongezeka kila Jumamosi!"

"Ni Pindo huyo," nikasema kwa fahari. "Ana mimba ya Gogo."

Daktari akaacha kucheka. "Gogo wa seremala?"

"Huyo huyo."

Akachuchumaa. Akamwita Pindo, akampapasa tumbo taratibu, akampapasa na mifupa ya nyuma. "Alipandwa lini? Unakumbuka?"

"Nitasahauje siku niliyookota suruali kwenye msumari?" Nikamwonyesha kalenda. Akahesabu kwa kidole.

"Siku hamsini leo. Mbwa hubeba mimba kama siku sitini na tatu. Inaweza kupungua au kuzidi kidogo." Akasimama. "Fundi, umepima tumbo. Njia ya kutokea umeipima?"

Mezani palikuwa na gauni la mtoto nililokuwa nashona. Akalichukua.

"Hili ukipima kifua tu, mtoto ataweza kulivaa?"

"Hapana. Lazima shingo ipitishe kichwa. Kichwa kisipopita, gauni zima ni kazi bure."

"Na kitambaa hiki kinavutika?"

"Hakivutiki hata kidogo."

"Sasa, Pindo ana pete ya mfupa hapa kwenye nyonga. Kila mtoto lazima apite humo. Wakati wa kuzaa hulegea kidogo tu, mfupa ni mfupa. Kichwa na mabega ya mtoto vikizidi ile pete, mtoto hukwama. Akikwama hufa, na mama naye anaweza kufa."

Loo! Nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Nilimwangalia Pindo. Alikuwa amelala juu ya miguu ya mama, na mama anamkuna sikio bila kujua tunasema nini.

Mume wangu alikuwa amefika mlangoni, mikono imejaa grisi. "Lakini daktari, mtoto aliye tumboni anajuaje kwamba baba yake ni mkubwa?"

Kwa mara ya kwanza nikafurahi kwamba ameuliza.

"Swali zuri," alisema daktari. "Nusu ya umbo lake anapewa na mama, nusu na baba. Akiwa tumboni, mwili wa mama humzuia kidogo asikue kupita kiasi. Ndiyo maana mbwa wengine huzaa salama, na ukubwa wa baba huonekana baadaye. Lakini hakuna wa kukuahidi. Watoto wakiwa wachache, kila mmoja hupata nafasi na chakula zaidi, basi hunenepa. Tena mbwa wadogo kama Pindo hupata shida kuzaa hata kwa dume mdogo mwenzao. Huyu hatari yake imeongezeka."

"Na chakula?" nikauliza kwa sauti ndogo. "Nampa mara mbili."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya suruali."

Akatikisa kichwa. "Mama mnene huzaa kwa taabu. Chakula huongezwa kidogo kidogo wiki za mwisho, na hugawanywa mara nyingi kwa siku, maana tumbo limebanwa. Na mngekuja wiki ile ile ya kwanza, tungezungumza njia za kuzuia mimba isiendelee. Sasa tumechelewa kwa hilo. Hatujachelewa kumwokoa."

"Kuna mtu aliniambia kuna sindano ya kuharakisha uchungu," alisema mume wangu. "Si tumchome tu?"

"Msithubutu! Mtoto akiwa amekwama, sindano ile itasukuma mpaka kizazi kipasuke. Dawa hiyo anaamua daktari, akishaona ndani."

Wiki iliyofuata tulimpeleka kliniki, akapigwa picha ya eksirei. Mama alikataa kubaki nyumbani. Daktari aliibandika picha kwenye taa, na sote watatu tukaisogelea. Niliona uti wa mgongo wa Pindo, mwembamba kama mshono. Kisha nikaona vichwa. Vilikuwa viwili tu.

"Tumbo lote lile ni wawili?" nikashangaa.

"Wawili, na wakubwa." Daktari akanyoosha mkono. "Nipe hiyo tepu yako."

Akapima kichwa kimoja pale kwenye picha, kisha akapima pete ya nyonga. Akanirudishia tepu, nikapima mwenyewe. Nilipima mara tatu. Ninajua shingo ya gauni inayobana, na ile ilibana.

Mama alinivuta mkono. "Wanasemaje?"

Nikamwinamia sikioni. "Vichwa ni vikubwa, Mama. Huenda visipite!"

Mama akaiangalia ile picha muda mrefu. "Na uvunguni angefanyaje?" aliuliza.

Daktari alitupa kipimajoto na kutufundisha kukitumia: kukipaka mafuta, kukiingiza taratibu nyuma, asubuhi na jioni. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi thelathini na nane na kitu. Likishuka chini ya thelathini na saba na nusu, siku imekaribia. "Likishuka, nipigieni simu niandae vifaa vya upasuaji, watoto wasipopita," alisema. "Akisukuma kwa nguvu dakika ishirini bila mtoto, msisubiri. Akitoka uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, msisubiri. Akilegea akashindwa kuinuka, msisubiri. Wala msimvute mtoto kwa mikono yenu."

Mume wangu aliipenda kazi ya kipimajoto kuliko kazi ya baiskeli. Seremala naye alitutengenezea boksi la mbao lenye ukuta mfupi, akaja na nyundo akajenga uzio upya. "Mkwe wenu amewaletea matatizo," alisema kwa aibu. Nikamwambia uzio ulikuwa wake, lakini suruali ilikuwa yangu.

Siku ya sitini na mbili, asubuhi, mume wangu aliita kutoka chumbani. "Thelathini na saba kamili!" Nikampigia daktari.

Saa saba mchana Pindo alianza kuhema na kuchana matambara kwenye boksi. Saa nane na dakika kumi akaanza kusukuma. Nikatazama saa ya ukutani. Mwili wake wote ulikazana, macho yakamtoka. Hakutoka mtoto.

"Mpeni muda," alisema mama.

Dakika kumi zilipita, kisha kumi na tano. Nilitaka sana kumwamini mama. Niliogopa kisu cha daktari, niliogopa kumpoteza Pindo njiani. Pindo alijikaza tena, akalia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mama hakuisikia. Lakini aliweka kiganja ubavuni kwa Pindo, na mkono ukamwambia kile ambacho sikio lilikosa.

"Mchukueni," alisema mama. "Sasa hivi!"

Mume wangu alimbeba ndani ya kikapu cha baiskeli nilichokijaza vitambaa, nami nikikimbia pembeni nimeshika ukingo. Bibi Mifugo alikuwa ametuandalia kila kitu. Alivaa lile koti nililomshonea, akaingia, mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi nikivuta tepu na kuiachia, kuivuta na kuiachia. Mume wangu hakuuliza swali hata moja. Hapo ndipo nilipojua ameogopa kweli.

Baada ya muda tukasikia kilio chembamba, kisha cha pili. Daktari akatoka na tabasamu. "Wote watatu wazima. Yule wa kwanza alikuwa amekwama. Mngengoja mpaka jioni, nisingewaambia maneno haya."

Nililia hapo hapo, sikuona haya.

Kwa ridhaa yetu, daktari alimfunga Pindo kizazi katika upasuaji ule ule, asije akapata mimba nyingine. Wateja wenye mbwa wadogo wakija dukani, nawaambia: zikifika siku zake, mfungie ndani wiki tatu, usiamini uzio. Ikitokea ajali, nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo. Suruali nimeitundika ukutani iwaongoze wateja. Wanacheka, kisha wanasikiliza.

Siku ya tisa baada ya upasuaji, Pindo alikuwa bado halali vizuri wala hatoki kwenye boksi ila kwa haja. Watoto wake wawili, vichwa kama vifundo, walikuwa wananyonya. Mama alikaa kwenye kiti chake, anachambua maharage. Mtu akabisha hodi.

Niliweka chini mkasi niende kufungua. Kabla sijainuka, Pindo alijinasua kwa watoto wake. Akavuka ukuta wa boksi polepole, mguu kwa mguu, akaenda mpaka kwa mama, akauma pindo la gauni. Alivuta kidogo tu, maana nguvu hazijarudi zote.

Mama akatazama chini. Maharage yakamwagika sakafuni.

"Nimesikia, mwanangu," alimwambia. "Nimesikia."