Mtume wa Nne Ukutani

Jumapili hiyo kanisani Mwihoko, waumini walipokuwa wakikiri imani kwa pamoja, sauti moja ya mwanamume ilinyamaza kwenye maneno "wa asili moja na Baba", kisha ikaendelea. Ilitoka ukutani, kwenye picha ya nne.

Waruguru, mwenyekiti wa akina mama, alijua kwa nini. Picha zile kumi na mbili za wazee wenye ndevu, zilizochongwa kwenye shaba na kupigwa chapa zamani sana, alipewa mjini Thika na Indravadan, mwenye duka la vitu vya kale aliyekuwa akihama. "Mama, hawa si watakatifu," Indravadan alimwambia. "Ni wazushi, kanisa liliwafukuza. Huyu Ario alikataa kwamba Mwana ni sawa na Baba. Majina yao yako hapo chini." Lakini Waruguru alikuwa ameshawaahidi wenzake mitume kumi na wawili ukutani kabla askofu hajaja kuzuru kanisa. Akachukua makasi, akakata majina yote, akabandika Petro, Andrea, Yakobo. Ario wa watu, wa nne, akawa Yohana. Na hakuna aliyemlazimisha.

Jumapili iliyofuata harufu ya wino mbichi ilijaa kanisa zima, watoto wakaanza kutapika, na mchungaji Kinuthia alipofika kwenye maneno yale yale ulimi ukamganda, akabaki amefungua mdomo huku sauti ya ukutani ikimalizia ungamo la imani peke yake, taratibu, kama mtu aliye kwake.

"Kuna mtu ameleta kitu humu," akina mama wakanong'ona. "Si ni Tabby? Ndiye hubaki hapa peke yake akifagia."

Wakampigisha Tabby magoti mbele ya watu.

"Mama Mwenyekiti," akasema kwa sauti ya chini, "niambie tu nimekosa wapi."

Neno moja tu lingemwokoa. Waruguru akamfikiria askofu, akaweka mkono juu ya kichwa cha Tabby, akakemea pepo kwa nguvu kuliko wote.

Tabby akaambiwa asirudi tena. Alipokuwa akikokota mkoba wake kuelekea mlangoni, mzee mwenye ndevu alishuka ukutani, asionekane na mwingine, akapita karibu na Waruguru akinuka wino.

"Mimi pia walinitoa hivi hivi," akamnong'oneza, bila hasira.

Akamfuata Tabby, akampokea mkoba, wakatoka pamoja juani. Kwenye fremu ya nne ikabaki karatasi tupu.

"Ametoka," mchungaji akasema, ulimi wake umefunguka. Akina mama wakamkumbatia Waruguru, wakamshukuru kwa maombi yake. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Akasema amina.