Nabii Aliyeniposa kwa Lugha

Mwaka ule wa sabini na nne, tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa ng'ambo ya Sikonge, hapakuwa na msichana mzuri kunishinda mimi, Apolinaria. Kusema kweli wasichana tulikuwa wanne: wawili walishaolewa, na mmoja alikuwa bado ananyonya.

Basi uzuri huo ndio ulioniponza. Jumapili moja nimepiga magoti kanisani, Nabii Shilinde kanikamata kichwa. Akalamba kidole, akafunua Biblia, akakilamba tena, kisha kwa kidole hicho hicho, mate na yote, akanipaka mafuta kwenye paji la uso. Ndevu zake zilinuka ugoro na mafuta ya karanga ya juzi. Nikabana pumzi.

“Shilil-himaar!” akanguruma. “Minil-baab! Minil-baab!”

Kanisa zima likaitikia, “Amina!”

“Roho amenena kwa lugha,” akasema, akijifuta mdomo kwa mkono wa shati. “Anasema Apolinaria asiolewe na Limbu. Limbu ana giza. Binti huyu ni wa mtumishi.”

“Mtumishi gani?” nikauliza.

“Mimi.”

Nikainuka magotini, nikatoka nje.

Limbu alikuwa mchumba wangu, posa yake ilishapokelewa. Kazi yake kurina asali. Giza pekee alilokuwa nalo ni masizi ya moshi wa nyuki, na hayo yalitoka kwa sabuni.

Nyumbani nikamkabili baba, Mzee Ngollo.

“Baba, mtu yule simtaki. Ananitia kichefuchefu.”

“Koma! Nabii wa watu katokea porini, mji hajaukanyaga tangu azaliwe. Lugha ile kafundishwa na nani kama si Roho?”

“Tufungue Biblia tuone.”

“Hatufungui. Nabii katuonya: andiko huua.”

“Mbona yeye analifungua kila Jumapili na hafi?”

Baba akainuka, akaelekea mlangoni.

“Jumapili ijayo anakuchukua. Nimeshatoa neno langu.”

Siku saba! Na Limbu yuko Tabora mjini kapeleka asali. Nikajifungia na Biblia ya marehemu mama. Mimi ni wa darasa la nne, nasoma kwa kidole, lakini kidole changu ni kikavu. Nilipofika Wakorintho, nikachukua kalamu:

“Limbu wangu, nabii anataka kunioa Jumapili. Lugha yake naiandika nilivyoisikia: shilil himaa minil baabu. Paulo anasema mtu akinena kwa lugha, mmoja afasiri. Nitafutie mfasiri. Ukichelewa utanikuta mke wa mate.”

Barua ikapanda lori la tumbaku. Ijumaa lori likarudi na jibu:

“Apolinaria wangu, nimemsomea Bi Thuraya wa Gongoni, yule ninayempelekea asali. Amecheka mpaka ushungi ukamwanguka. Nimemwuliza maana yake, kasema hanifasirii mimi, anakuja mwenyewe. Kaza moyo.”

Jumapili ikafika. Shilinde kajipaka mafuta ya karanga mara mbili, nzi wanamfuata kama waumini. Akanyoosha mkono anishike. Nikarudi nyuma.

“Wazee wangu, Yohana anasema msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho. Hii nataka niijaribu.”

“Andiko huua!” Shilinde akapiga kelele. “Mtoto huyu atawaua!”

“Basi asome baba,” nikasema. “Akifa, tutamzika.”

Watu wakacheka. Baba alikuwa mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima, kafika kitabu cha tatu, na majivuno yake ya kusoma yalizidi woga wake. Akaitwaa Biblia, akaweka kidole nilipomwonyesha.

“Na... m-mo-ja... a-fa-si-ri. La-ki-ni... a-si-po-ku-wa-po... mwe-nye ku-fa-si-ri... na a-nya-ma-ze.” Akainua uso. Mzima. “Nabii, mfasiri wetu yuko wapi?”

“Nafasiri mwenyewe.”

“Hodi hapo!” sauti ikaita dirishani.

Alikuwa mama mmoja wa Kiarabu, kavaa buibui, vumbi la njia limemjaa mpaka kwenye kope. Nyuma yake Limbu wangu, mwekundu kwa vumbi, ananichekea.

“Karibu ndani, mama,” baba akasema.

“Ahsante, baba. Hiyo ni nyumba yenu ya ibada, mimi hapa dirishani pananitosha. Naitwa Thuraya. Nimeitiwa kufasiri tu. Maneno aliyoyaandika huyu binti ni Kiarabu. Maana yake, ‘Mwondoe punda mlangoni.’”

“Punda?” baba akauliza.

“Punda, baba. Nilikuwa na mtumishi dukani, kila asubuhi anamfunga punda mlangoni, wateja hawapiti. Miaka minane nampigia kelele hizo hizo. Kumbe mwenzangu anajifunza unabii!”

Mtu mmoja nyuma akatema mate chini. Mimi nikapangusa paji langu la uso kwa upindo wa khanga, nikasugua mpaka likauma.

Baba akamgeukia Shilinde. “Nabii, unamjua huyu mama?”

“Simjui! Gongoni sikujui, Kiarabu sikijui hata neno moja. Mungu wangu shahidi!”

Akapiga magoti, akafumba macho, akaminya hata machozi. Nikamwona baba anaanza kulegea, mkono wake unateremka na Biblia. Baba huyu machozi yanamshinda siku zote.

Bi Thuraya hakubishana. Alimtazama Shilinde kama mtu aliyeona nywele kwenye mchuzi, akavuta pumzi, akaitoa sauti ya dukani:

“Gum! Hat il-mai!”

Nabii akaruka wima, mikono mbele, macho yanatafuta mtungi.

“Naam, Bibi! Maji ya kunywa au ya kunawa?”