Mazoezi ya Siri ya Mshale

Kila asubuhi kabla ya mazoezi, mwalimu wa michezo alimwuliza kila mwendesha baiskeli wake alilalaje na miguu ikoje. Zamu ya Mshale ilipofika, jibu lilikuwa lile lile: amelala vizuri, miguu haina neno. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ya kasi yake, nalo lilikuwa limemvimbisha kichwa.

Jibu lake lilikuwa la uongo. Mashindano ya masafa marefu yalikaribia, na timu ilihitaji wanne tu kati ya wote waliojitokeza. Mwalimu aliwataka waendeshe kwa mwendo wa kuweza kupiga soga njiani, kisha siku inayofuata wapumzike. Mshale aliona hayo ni mazoezi ya vikongwe. Siku za mapumziko alimuaga mama kwamba anakwenda kusoma kwa rafiki, kumbe anaupanda mlima wa machimbo mpaka koo linamkauka.

Mambo yakaenda mrama. Wenzake aliozoea kuwaacha nyuma walianza kumpita, tena wakizungumza. Usingizi ulimpotea na chakula hakikushuka. Kadiri alivyoogopa kuachwa nje ya timu, ndivyo alivyozidisha mlima. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jioni moja mama yake, fundi cherehani, alimwona akipanda ngazi huku ameshika ukuta kama mgonjwa. Akaacha kushona.

"Mwanangu, una nini?"

"Sina kitu, mama."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Kaa hapa unieleze."

Mshale alilia, akasema yote. Mama hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kesho amweleze mwalimu kwa kinywa chake mwenyewe.

"Ataniondoa, mama."

"Huenda akakuondoa. Utamweleza hivyo hivyo."

Asubuhi, mbele ya wenzake, Mshale alimkabili mwalimu. "Mwalimu, sijapumzika hata siku moja," alisema. "Nilikuwa nakudanganya."

Mwalimu aliikokota baiskeli ya Mshale, akaifungia stoo mpaka siku ya majaribio ya kuchagua wanne wa timu, wiki moja mbele.

Wiki hiyo ilikuwa ngumu kuliko mlima wowote. Kila Mshale alipowasikia wenzake wakipita na kengele zao, alikuwa na hakika kwamba nafasi yake imekwisha. Hata hivyo, usingizi ulirudi, na siku moja akamaliza sahani akaomba aongezewe.

Siku ya majaribio wengi walichomoka mbele. Hofu ikamwambia awafukuze, lakini akajizuia, akashika mwendo wa soga. Baada ya nusu ya safari waliochomoka wakaanza kuchoka mmoja mmoja, naye miguu bado ilimtii. Alimaliza wa nne, wa tano akiwa nyuma yake kidogo tu.

Mwalimu alimwita kando.

"Ulivyonijibu kuhusu miguu yako, ndivyo nilivyopanga mazoezi yako," alisema. "Uliponidanganya, nilimfundisha mtu ambaye hayupo. Bidii ni njema, lakini mwili hupata nguvu unapopumzika, na mwalimu hawezi kumsaidia anayemficha ukweli. Kesho ni mapumziko. Nikikuona kwenye ule mlima, nafasi yako nampa wa tano."

Mshale alikwenda nyumbani, akalala mpaka mama alipomwamsha ale.